Mstari wa Ndung'u katika Kitabu cha Funguo

Jumatatu, 6 Oktoba

Ndung'u amenifundisha kuandika kila nilichogusa kazini. "Mashine haisahau, Win, kwa hivyo na wewe usisahau," husema. Nina daftari la kazi ambalo mtu yeyote ofisini anaweza kulifungua. Hili ni la pili, na nitaliweka chini ya godoro chumbani kwangu, mtaa wa Section 58, kwa sababu leo nimeogopa kitu ambacho siwezi kukiandika katika lile la kwanza.

Tarun, mjukuu wa Mzee Ishwarlal mwenye kampuni, amenunua programu ya kuangalia mtandao wetu wote: kompyuta za hapa mjini Nakuru, duka la kule Bahati, na stoo ya Mau Narok ambako wakulima hutuachia mbegu za viazi mpaka mvua za Machi. Kila kifaa kitakuwa duara dogo kwenye skrini. Kijani, kizima. Nyekundu, kuna shida.

"Winrose, hii nakupatia wewe," alisema. "Diwali ikifika nataka kuona kijani kila mahali. Tuelewane?"

Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Desemba. Hakuutaja.

Jumatano, 8 Oktoba

Somo la leo, ili nisilisahau.

Ndung'u ndiye fundi wetu wa mtandao. Zamani alikuwa fundi wa nyaya za simu, na bado huvaa koti la bluu lenye mifuko saba na kujua kilichomo katika kila mfuko. Aliketi kwenye kreti karibu na meza yangu.

"Hii programu itakuwa inaingia kwa mashine zetu kila dakika tano. Itaingia kwa jina la nani?"

"Lako?"

"Nikistaafu?"

"Langu basi."

"Ukiolewa uende zako Kitale?" Alicheka mpaka akakohoa. "Inapewa jina lake yenyewe. Inaitwa akaunti ya huduma. Si ya mtu. Haina mshahara, haina likizo, na inafanya kazi kuliko Tarun."

"Na ruhusa zake?"

"Hapo ndipo watu hulala. Yule mlinzi wa geti, tulimpa nini?"

"Tochi na filimbi."

"Tulimpa funguo za stoo?"

"Hapana."

"Basi. Kusoma tu. Iangalie, ikiona kitu ipige filimbi. Isishike kitu chochote."

Akaniandikia kwa penseli orodha ya ruhusa kumi na moja, zote za kusoma. Chini yake akapiga mstari: ikikataa, ongeza moja, jaribu, halafu nyingine. "Na usije ukaitupa kwa kundi la wasimamizi ati ndio ikubali. Itakubali, ndiyo. Hata mwizi ukimpa funguo zote havunji mlango."

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Umeme ulipotea mara mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kazi yangu nyingine ni kutunza Kitabu cha Funguo. Babake Mzee Ishwarlal ndiye aliyekianzisha. Kila ufunguo wa kampuni una mstari mmoja na jina la mtu mmoja anayeuchunga. Kompyuta zilipokuja, nazo zikaingia kitabuni: nenosiri haliandikwi, huandikwa jina la atakayejibu likileta matata. Hakuna kufuta. Hakuna mstari mtupu.

Siku ya Diwali kitabu kipya hufunguliwa, kikatiwa alama nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza, na Mzee husoma mistari yote kwa sauti. Ukiitwa unajibu, "Ninao." Hata kama ulichopewa ni gari, jibu ni hilo hilo. Kama hauko, mtu anayekujua anakujibia, "Anao." Mwaka jana niliyaona mambo haya kama mchezo wa wazee. Ndung'u alinikemea: "Hapa ndipo mahali pekee Nakuru ambapo mtu anasema mbele ya watu kwamba kitu ni juu yake."

Kwa hivyo hata akaunti isiyo ya mtu lazima iwe na mtu. Ndung'u alisema tutaamua yeye au mimi ikishafanya kazi. "Huwezi kuapia ng'ombe hujamwona."

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeifungua akaunti. Nimeipa ruhusa zote kumi na moja. Madoa sita ya kijani, thelathini na moja mekundu. Ndung'u yuko Bahati, duka lilivuja maji juu ya ruta.

Jumatano, 15 Oktoba

Mekundu thelathini na moja.

Tarun alisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu. "Hii ni skrini ama ni surua?" Watu wa kaunta walicheka. Nilicheka pia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Upepo umepinda mlingoti wa Mau Narok, ule unaoleta mtandao kwenye stoo. Ndung'u ameondoka asubuhi na kamba na mkoba. Ufunguo wa kibanda cha mlingoti anauvaa shingoni kwa uzi mwekundu, hampi mtu. Alisema atarudi Jumanne.

"Nikuachie swali moja," alisema akiwa tayari ndani ya pikap. "Programu inakataliwa wapi? Usiniambie inakataliwa. Niambie inakataliwa wapi."

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimempata kwa simu mara moja, upepo ukivuma masikioni mwake.

"Bado nyekundu."

"Ulisoma kumbukumbu zake, pale inapoandika kila ilichokataliwa?"

"Nimesoma. Sielewi. Ndung'u, Jumatatu ni Diwali. Nikiiweka kwa wasimamizi siku tatu tu, halafu ukirudi tuitoe?"

"Hapana. Win, unanisikia? Ha-pa-na. Wacha iwe nyekundu. Mwambie Tarun ni mimi nimesema."

Halafu laini ikakatika. Nilienda mpaka mlango wa Tarun. Niliuangalia, nikarudi kwa meza yangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeiweka.

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Ilihitaji kubofya mara mbili. Madoa yakageuka kijani moja baada ya jingine kutoka juu kwenda chini, na mimi nikahisi vile mtu anavyohisi akivua kiatu kinachombana.

Tarun alikuja akapiga makofi. Akaonyesha kisanduku kidogo pembeni. "Na hii ni nini? Irekebishe yenyewe?"

Nilimweleza: kifaa kisipojibu mara tatu, programu inaweza kukizima na kukiwasha tena.

"Weka tiki. Sasa kwa nini tulipe mtu kupiga piga thermometer kwa stoo?"

Kwa akaunti ya kusoma tu, ile tiki isingefanya lolote. Nilijua hilo. Niliiweka.

Baadaye nililazimika kunakili kitabu kipya kwa ajili ya Jumatatu. Mistari themanini na tatu. Nilipofika ule wa akaunti, jina langu niliogopa kuliandika. Nikajiambia vifaa vyote vya mtandao viko kwa jina la fundi, mistari kumi na tisa, huu ni mmoja tu zaidi; atakaporudi tutauzungumzia. Nikaandika Ndung'u.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mwaka huu Diwali imeangukia sikukuu ya Mashujaa, kwa hivyo maduka yamefungwa, lakini sisi wa ofisi tuliitwa. Madam Indira, mamake Tarun, alikuwa amepanga taa na maua ya rangi ya chungwa juu ya kaunta, na kompyuta kubwa ikawekewa alama nyekundu kando ya vitabu. Tulipewa ladu, yale mabonge matamu ya unga na samli, kwenye karatasi.

Mzee Ishwarlal alisoma kwa kioo cha kukuzia. Geti la mbele. Ninao. Geti la nyuma. Ninao. Sefu ya stakabadhi. Ninao. Alipofika kwa Ndung'u akainua kichwa.

"Yuko juu ya mlingoti, Mzee," mtu akasema. "Winrose amjibie, ni mwanafunzi wake."

Ufunguo wa mlingoti. "Anao," nikasema. Chumba cha seva. Anao. Ilikuwa rahisi, ilikuwa hata fahari kidogo.

"Akaunti ya programu ya kuangalia mtandao. Ndung'u."

Taa zilikuwa zinanukia samli. Kila mtu alikuwa anasubiri mstari unaofuata ili aende nyumbani.

"Anao."

Jumanne, 21 Oktoba

Amerudi, mikono imechubuka. Alisimama mbele ya skrini na koti lake la matope akaiangalia vile wazazi wanavyoangalia fomu ya ripoti ya shule.

"Kijani yote! Ilikuwa inakataliwa wapi?"

"Ilikuwa... ruhusa moja ya Bahati."

"Nilijua utaipata." Akatoa kutoka mfuko wa nne koleo lake la kubania nyaya, lenye mpini uliofungwa utepe mweusi, akaliweka juu ya meza yangu. "Hili ni la fundi. Mimi nitanunua lingine."

Ndung'u hukagua kazi ya kila mtu. Yangu hakuikagua.

Jumatano, 22 Oktoba

Sijasema.

Ijumaa, 24 Oktoba

Tarun amemtoa Sue, mtunza stoo wa Mau Narok, ndani ya stoo na kumweka kaunta ya mbele huko huko. Hatapima joto tena asubuhi na jioni, programu inaangalia. Sue alinipigia. "Ati kompyuta imenipokonya stoo? Iambie ikuje pia ifagie."

Sijasema.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Kijani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nilikaribia. Tulikuwa tunakunywa chai, yeye na mimi tu. Nikasema, "Ndung'u, ile akaunti." Akasema, "Ee?" Nikasema, "Nenosiri lake nimelibadilisha kama ulivyosema." Akasema, "Safi."

Jumatano, 5 Novemba

Mvua ya mawe Mau Narok, Sue anasema. Duara la stoo limekuwa jekundu dakika chache, likarudi kijani. Tarun amefurahi. "Umeona? Imejirekebisha."

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Nyekundu, kijani, nyekundu, kijani.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Mara tano leo. Ndung'u anasema mlingoti unatikisika, mvua ikipungua ataupanda tena. Alinitazama. "Mbona umekonda?" Nikasema ni homa.

Ijumaa, 14 Novemba

Kijani.

Jumanne, 18 Novemba

Sue amepiga simu saa tatu. Hakusalimia. "Win, kuna harufu kwa stoo. Njooni."

Kwenye skrini, stoo ya Mau Narok ni kijani.

Jumatano, 19 Novemba

Tulienda watatu kwa pikap, Tarun, Ndung'u na mimi katikati. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ngano.

Harufu tuliipata kabla ya kufika mlangoni. Tamu, nzito. Sue alikuwa ameifungua milango yote miwili na kujifunga leso puani. Ndani makreti yamepangwa hadi dari, na kutoka kila kreti machipukizi meupe, marefu kama vidole, yamepita katikati ya mbao. Makreti ya chini yalikuwa yanatiririka maji meusi. Feni zote nne zimesimama. Buibui alikuwa ameshaanza kazi kwenye moja.

Ndung'u hakugusa kitu kwanza. Alienda kwa kompyuta ndogo inayoziendesha feni, akaketi kwenye ndoo, akafungua kumbukumbu. Nilisimama nyuma yake nikazisoma naye. Kila mvua ilipokata mtandao, programu iliona kimya, ikangoja mara tatu, na mtandao uliporudi ikatuma amri: zima, washa. Mara arubaini na moja. Na Ndung'u mwenyewe, miaka mingi iliyopita, aliipanga kompyuta ile ili ikiwaka upya feni zisizunguke mpaka mtu abonyeze kitufe cha ukutani, mtu asije akakatwa mkono. Hakukuwa na mtu wa kubonyeza. Kompyuta ilikuwa imewaka, inajibu, kwa hivyo ilikuwa kijani; hakuna aliyeifundisha programu kuuliza joto. Feni zimesimama tangu tarehe tano.

"Akaunti ya kusoma haiwezi kutuma hii amri," alisema taratibu, kama anajisomea. Aliteremsha kidole mpaka penye ruhusa. Kidole kikakaa hapo.

Hakugeuka. Nilikuwa naona shingo yake na ule uzi mwekundu.

Nje wakulima walikuwa wameanza kufika, kwa miguu, kwa pikipiki. Mama mmoja mrefu mwenye gambuti aliingia moja kwa moja bila kuuliza, akaenda kwenye safu ya tatu, akavuta kreti yenye uzi wa manjano. Ni Wanjugu, shemeji ya Ndung'u, dada mkubwa wa mkewe Rahab. Alishika kiazi kimoja. Kikapasuka mkononi.

"Hii ni yangu," akasema. "Na ile. Na zile zote za manjano."

Akafuta mkono kwenye mbao za kreti, akageuka.

"Ndung'u. Si wewe ulikuja kanisani ukasimama mbele? Ukasema tusiweke mbegu chini ya vitanda tena, tulete hapa, kuna mashine na wewe ndiye unaiangalia? Si ulisema hivyo, ama nilisikia vibaya?"

"Nilisema hivyo."

"Sasa Machi nitapanda nini? Nipande hii mashine?"

Mtu mmoja alicheka kwa uchungu huko nyuma. Ndung'u alivua kofia yake. Tarun alikuwa amekwenda kusimama karibu na pikap, simu sikioni, na nilipomwangalia vizuri niliona simu haijawaka. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu wiki sita. Pale niliona ni mtu anayemwogopa babu yake, na kwamba yeye na mimi tumesimama namna moja.

"Ni akaunti ya nani hiyo?" aliuliza Sue. Hakumwuliza mtu maalumu.

"Iko kwa kitabu," akasema Tarun.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikuenda kazini. Nilisema naumwa, na haikuwa uongo.

Ijumaa, 21 Novemba

Nitaandika vile ilivyokuwa.

Mzee Ishwarlal alikuwa nyuma ya meza, kitabu mbele yake. Tarun dirishani. Ndung'u alisimama, ingawa alipewa kiti. Mimi niliitwa kama mtunza kitabu; nilikileta mwenyewe, mikononi mwangu, nikakifungua pale penyewe.

"Akaunti ya programu," Mzee alisoma. "Jina lako, Ndung'u."

"Naomba nione, Mzee."

Alikigeuza kitabu. Ndung'u aliinama. Anaujua mwandiko wangu. Ndiye aliyenifundisha kuandika namba 7 yenye mkato katikati. Aliuangalia ule mstari kwa muda ambao mtu angeweza kusoma ukurasa mzima.

"Ni jina langu."

"Ulijua iko juu yako?"

"Siku hiyo nilikuwa mlingotini, Mzee. Nilijibiwa."

"Na nani? Nataka useme wewe."

Ndung'u aliinua kichwa akaniangalia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo sitalisahau. Alikuwa ananiangalia vile alivyokuwa akiniangalia akiniuliza swali ambalo anajua nalijua jibu.

"Na mtu anayenijua," alisema.

Ilikuwa nafasi yangu. Niliisikia ikija na nikaisikia ikipita. Nilikuwa na maneno mdomoni, mawili tu, na nikameza. Nikaangalia pembe ya meza, mahali ambapo rangi imebanduka kwa umbo la sikio.

"Kama ni jina langu, Mzee," Ndung'u alisema, "basi ni juu yangu."

Mzee alikifunga kitabu. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba wakulima wanataka kujua nani, na kwamba hawezi kuwaambia ni mashine. Ndung'u akasema anaelewa. Akalivua koti la bluu, akatoa kila kitu katika mifuko, kimoja kimoja, akakipanga mezani, akalikunja. Mfuko wa nne haukuwa na kitu.

Alipopita karibu nami mlangoni alisema, "Kwaheri, Madam Winrose."

Miezi kumi na minne, hakuwahi kuniita hivyo.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua.

Jumanne, 25 Novemba

Nimeitoa akaunti kutoka kundi la wasimamizi. Nimeondoa tiki. Mekundu thelathini na moja yamerudi. Tarun aliyaona, akaingia ofisini mwake, akafunga mlango.

Jumatano, 26 Novemba

Nimefanya kama orodha ya penseli inavyosema. Nimesoma kumbukumbu. Sikuuliza kama inakataliwa. Niliuliza inakataliwa wapi.

Alhamisi, 27 Novemba

Ilikuwa ruhusa moja. Moja. Ya kusoma hali ya mashine kutoka mbali, na Ndung'u alikuwa ameiandika, ya tisa katika orodha, nami siku ile niliiweka kwa kompyuta sita za mjini peke yake nikasahau hizo nyingine. Saa tano na nusu zote zilikuwa kijani, kwa akaunti isiyoweza kushika chochote.

Nilihitaji siku mbili. Na Ndung'u angerudi Jumanne ile.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili watu wasinisikie.

Jumapili, 30 Novemba

Bahati. Niliuliza njia ya kwenda kwa Ndung'u kwenye duka letu la huko.

Rahab alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Alinikaribisha, akaniletea chai na mahindi ya kuchemsha, hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Nyumba ilikuwa kimya. Aliniambia dada yake Wanjugu hajapiga simu tangu siku ile, na kwamba Jumapili hii wao hawakuenda kanisani. Alisema hivyo akiangalia maharagwe.

Ndung'u alitoka nyuma, mikono ina udongo. Alikuwa amepungua bila lile koti.

"Karibu, Madam Winrose."

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Jumamosi ile, tiki, mstari, neno nililosema mbele ya taa. Nilisema haraka kama mtu anayesoma, kwa sababu nilikuwa nimeyaandika na kuyakariri njia yote. Rahab aliacha kuchambua.

"Nilijua pale kwa ndoo," Ndung'u alisema. "Mwandiko ulinithibitishia tu."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangekufukuza, ungeenda ukisema Ndung'u ndiye alikuchoma. Nilitaka useme mwenyewe. Pale ofisini nilikupatia nafasi. Nikasema, amegongwa na woga, wacha alale, atasema kesho. Nikangoja Jumamosi. Nikangoja Jumatatu." Alihesabu kwenye vidole vyenye udongo. "Siku tisa nimekaa na simu mfukoni hapa shambani. Huyu Rahab ananiuliza unangoja nani."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe hata kabla hujafika. Hiyo si kazi." Alikaa kwenye ngazi. "Lakini kuna kitu nilikuwa nacho na sasa sina. Sijui nikiite nini. Nilikuwa nikikuona na yale madaftari yako nasema, sawa, hata nikistaafu."

Hakuimaliza sentensi.

Nilitoa koleo kwenye mkoba, nikamnyooshea. Akalitazama, akatikisa kichwa.

"Kaa nalo. Mimi sina nyaya."

Rahab alinisindikiza mpaka barabarani. Nilipogeuka kuaga niliona, kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, ufunguo mmoja wenye uzi mwekundu. Ijumaa ile alipotoa kila kitu mifukoni, hakuna aliyekumbuka shingo yake.

Jumatatu, 1 Desemba

Nilimwendea Mzee Ishwarlal kabla hajavua koti la mvua. Nikaweka kitabu mezani, nikafungua.

"Mzee, naomba usome huu mstari tena."

Aliutafuta kwa kioo. "Akaunti ya programu ya kuangalia mtandao. Ndung'u."

"Ninao," nikasema.

Alinisubiri. Nikamweleza, safari hii taratibu. Nilisema kundi la wasimamizi ni mkono wangu na jina ni mkono wangu. Kuhusu tiki nilisema tu kwamba niliiweka. Ndipo Tarun, aliyekuwa amesimama mlangoni sijui tangu lini, akaanza kusema kwa Kigujarati. Sikuelewa ila jina langu, na jina lake mwenyewe, na kwamba alikuwa analia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumtazama.

Kisha alichukua simu ya mezani akampigia Ndung'u. Alisema, "Nimekosea." Alisema, "Rudi." Alisema atakwenda yeye mwenyewe Mau Narok Jumapili, asimame mahali pale Ndung'u aliposimama, awaambie wakulima ni nyumba yake iliyokosa na ni nyumba yake itakayotafuta mbegu. Halafu alisikiliza sana.

"Anasema asante," alituambia. "Anasema hapana."

Nilidhani sasa atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa. Begi langu lilikuwa limefungwa chini ya meza. Badala yake alisukuma kitabu upande wangu.

"Kitabu hakifutwi. Andika chini. Na mistari yake yote, mlango hauwezi kukaa bila mtu, na hapa hakuna mwingine anayeijua. Andika, kisha nitasoma."

Niliandika nikisimama. Watu wa kaunta waliitwa wakaja, wakasimama kwa mstari wakiwa bado wamevaa makoti yenye maji. Mzee akasoma.

Chumba cha seva. Ninao. Kabati la ruta la Bahati. Ninao. Ngazi ndefu. Ninao. Kila mara ilibidi sauti yangu itoke, kwa maana alikuwa hasogei mstari mpaka asikie. Kumi na nane, na wa akaunti, ambao safari hii niliujibu mbele ya wote.

"Ufunguo wa mlingoti wa Mau Narok." Alisogeza kioo. "Hapa hujaandika jina lako."

"Sijaandika, Mzee. Hakuurudisha."

"Uko wapi?"

Nikaona tena ule msumari, na uzi.

"Kwake."

Mzee alifikiri. Angeweza kumtuma dereva, Bahati si mbali. Nje mvua ilikuwa imeshika bati la mahali pa kupakia mizigo.

"Basi ni Ndung'u," alisema, na akausoma upya, polepole, kama siku ile ya taa. "Ufunguo wa mlingoti wa Mau Narok. Ndung'u. Nani anayemjua?"

Wote waliniangalia mimi.

"Anao," nikasema.